Nakala ya Juu

Lori lilisimama mara ya tatu kwenye mpando wa Nzahaha ili injini ipoe. Ndayisaba akashuka, begi la vifaa amelikumbatia kifuani, akageuka kutazama alikotoka. Bonde la Bugarama lilikuwa chini kabisa, mashamba ya mpunga yamekatwa vipande vipande, na nyuma yake, upande wa Burundi, kulikuwa na moshi mmoja mwembamba ambao hakutaka kujiuliza unatoka wapi. Alikuwa amefika Kigoma, Kampala, Nairobi na Lubumbashi, na kila mahali alijifunza kuomba maji na kugombana kwa lugha ya wenyeji. Lakini Cyangugu, safari ya nusu siku tu kutoka nyumbani kwake Buyenzi, Bujumbura, hakuwahi kufika. Kwa miaka minane kulikuwa na vita njiani: kwanza vya kwao, kisha vya huku, kisha vya Kongo ng'ambo ya mto.

"Papa fundi, umebeba mutoto?" dereva alimuuliza, akiona jinsi alivyolishika begi.

"Nimebeba disketi."

"Basi ni mutoto mugonjwa. Panda, twende."

Barua iliyomwita ilikuwa na mistari minne. Iliandikwa na ofisi ndogo ya kanisa pale Kamembe, mjini Cyangugu, ofisi iliyokuwa ikitafuta jamaa za watoto waliopotea wakati kambi za wakimbizi za Bukavu zilipovunjwa mwaka wa tisini na sita. Barua ilisema kwamba kompyuta inakula maandishi. Haili yote, ilisema, inachagua.

Alifika Jumatano alasiri. Ofisi ilikuwa nyumba ya kawaida nyuma ya soko, sebule imegeuzwa chumba cha kazi. Mkurugenzi, Mzee Sibomana, alimpokea akiwa amevaa koti lililofungwa vifungo vyote, akampa soda ya moto na kiti kizuri. Kisha akaita, "Maman Umuhire, leta mashini."

Mwanamke aliyeingia alikuwa na umri kama wa miaka arobaini, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi wa viatu. Laptopu aliileta imeviringishwa kitenge, akakifungua kitenge hicho polepole mezani, upande huu, upande ule.

"Haiko mugonjwa," alisema kwa Kiswahili cha Bukavu. "Inawaka muzuri. Inaandika muzuri. Lakini vitu bimoja ninaandikaka kule milimani, nikifika hapa, bimepotea."

"Vimoja tu?"

"Bimoja tu. Njo inaniletea wazimu."

Mzee Sibomana akacheka kidogo puani. "Maman anatembea sana. Muntu akichoka, anaweza kufikiri ameandika kumbe ameota."

Umuhire alikiokota kile kitenge na kuanza kukikunja, akakikunja mpaka kikawa kidogo kama kitabu cha sala.

Kazi yenyewe aliieleza akiwa amesimama. Kila Jumatatu alitoka kwa moto, pikipiki ya abiria, laptopu mgongoni na betri ya akiba miguuni, akaenda Gashonga, Nzahaha au Nkanka. Aliketi uani kwa watu, chini ya migomba, akasikiliza. Bibi aliyempoteza mjukuu, shangazi aliyeachana na watoto wanne njia panda ya Kashusha. Zamani waliandika kwenye fishi za karatasi, lakini mvua ya Nzahaha ililowesha sanduku zima, wino ukawa uji, na tangu hapo wakaamua aandike moja kwa moja ndani ya mashine. Alhamisi alirudi Kamembe, akaunganisha laptopu na kompyuta kubwa ya ofisi kwa kebo, na mashine mbili zikalinganisha mafaili yao: lililobadilika upande mmoja likanakiliwa upande wa pili. Kila mlima wa sehemu hizo ulikuwa na faili lake lenye namba: Gashonga ya kwanza, ya pili, na kuendelea.

"Na sasa kuna nini cha haraka?" aliuliza Ndayisaba. Mtu hamwiti fundi kutoka Bujumbura, katika miaka ile, kwa sababu ya wazimu kidogo.

Umuhire alimtazama mkurugenzi kwanza, kama anayeomba ruhusa, kisha akasema.

Ng'ambo ya mto, katika nyumba ya watoto ya Bukavu, kulikuwa na msichana anayeitwa Izabayo. Alikuwa na miaka tisa hivi. Hakujua jina la mama yake zaidi ya "mama", wala mlima wao, wala mwaka. Nchini hapa kila mtoto ana jina lake mwenyewe, asilogawana na baba wala ndugu, kwa hiyo jina la Izabayo peke yake halikumpeleka mtu kokote. Kitu kimoja alikikumbuka: kambini walikuwa na mbuzi aitwaye Gaporali, ambaye alisimama mlangoni na kukataza watu kuingia.

"Masera Reine, mutawa wa ile nyumba, aliniambia hiyo ya mbuzi mwezi jana kwa simu," alisema Umuhire. "Papa, nikashika ukuta. Hiyo mbuzi naijua. Kuna koko mumoja, bibi muzee, aliniambia habari ya Gaporali, akacheka mpaka akalia. Nikaandika. Kwa hii mikono. Lakini ni koko gani? Milima gani? Nimesikiliza bakoko mia tatu tangu Pasaka. Nikatafuta kwa mashini. Hakuna mbuzi."

"Na Jumamosi asubuhi," aliongeza Mzee Sibomana, sasa bila kucheka, "kuna familia ya Kisangani inamchukua. Ndege iko saa tatu. Masera anasema, kama muntu wake akija mbele ya hapo, mutoto anabaki. Kama hapana, hawezi kumunyima mutoto nyumba juu ya mbuzi."

Ndayisaba alikunywa ile soda ya moto yote kwa mkupuo, akafungua begi.

Jioni hiyo mpaka giza lilipoingia, na tena tangu asubuhi ya Alhamisi, alifanya yale ambayo kila fundi hufanya. Alibadilisha kebo. Alilinganisha saa za mashine mbili, kwa maana laptopu yenye saa mbovu huweza kudhani faili la leo ni la jana. Zilipishana kwa dakika moja. Alipima diski, ikawa nzima. Alitengeneza faili la majaribio, akaandika ndani yake majina ya timu za mpira za Bujumbura, akaunganisha. Likavuka bila kosa. Akalifuta, akaandika jingine, likavuka. Mara kumi na mbili. Saa tano asubuhi alikuwa na mashine mbili zenye afya na aibu ya mtu aliyelipiwa nauli bure.

Umuhire alikuwa amekaa pembeni muda wote, mikono mapajani. Alimletea chai, akamletea ndizi. Ndayisaba alimuuliza alijifunzia wapi kompyuta.

"Kompyuta hapa hapa, mwaka wa tisini na tisa. Lakini mashini ya kupiga nilijifunza Bukavu, kwa bamasera, nikiwa musichana." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa wa kwanza kwa darasa. Maneno makumi sita kwa dakika, na leso imefunika vidole."

Akaanza kumsimulia. Wazazi wake walivuka mto mwaka wa hamsini na tisa na mkeka na sufuria. Baba alishona suruali Kadutu. Yeye alizaliwa kule, akaitwa Mnyarwanda na kila mtu aliyetaka kumtukana. Alipiga barua miaka kumi na mitano katika ofisi ya mwanasheria, Papa Mulume, mtu mpole mwenye pua kubwa. Kisha tisini na nne, kila kitu kilipomalizika huku, baba akasema sasa tunarudi, naye akarudi kwenye nchi ambayo hakuwahi kulala humo hata usiku mmoja. Sokoni Kamembe wakamsikia akiuliza bei ya maharagwe kwa Kiswahili, wakamwita Mkongomani.

"Kwa hiyo kule Mnyarwanda, huku Mkongomani," alisema Ndayisaba.

"Na kwa moto, mzigo," alisema Umuhire. "Unaona barabara ya Gashonga? Kule niko mzigo tu."

Walicheka wote wawili, na Ndayisaba akiwa bado anacheka alisema, "Maman, hebu njoo ukae hapa. Mimi nimeunganisha mara kumi na mbili. Wewe hujaunganisha hata mara moja mbele yangu. Fanya kama unavyofanyaka. Mimi niko kama siko."

Wiki hiyo, kwa ajili ya fundi, Umuhire alikuwa amerudi siku moja mapema kutoka Gashonga, na mambo matatu mapya. Akavuta kiti, akafuta vidole kwa kitenge, akachomeka kebo. Mashine zikatafutana. Kisha kwenye kioo pakatokea kijisanduku ambacho Ndayisaba hakukiona hata mara moja tangu jana. Kilisema kwamba faili la Gashonga limebadilika pande zote mbili, katika laptopu na katika kompyuta ya ofisi. Kiliuliza: lipi libaki?

Umuhire hakusita hata kidogo. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kipanya, mshale tayari juu ya la ofisi.

"Ngoja," alisema Ndayisaba. "Ngoja, ngoja. Unachagua lipi?"

"Ya biro, ya hapa ofisini."

"Juu ya nini?"

Akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini huvaa viatu. "Juu ni ya biro."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ni yangu tu."

Ndayisaba aliondoa mkono wake mezani taratibu, asije akagusa kitu. "Unachagua hivyo kila mara inapouliza?"

"Kila mara. Papa, kwa bamasera tulipiga na karatasi ya kaboni. Ya juu ni ya mkubwa. Ya chini, kopi, inabaki kwa sekretere. Siku moja nilikuta kopi na ya juu hazifanani, nikaenda kusahihisha ya juu kwa kalamu. Masera alinipiga hapa." Akaonyesha vifundo vya vidole. "Akasema, sekretere hagusi ya mkubwa. Kama hazifanani, kopi njo inakosea. Unachukua ya juu, unapiga kopi upya. Kwa Papa Mulume ilikuwa vile vile. Miaka kumi na mitano." Macho yake yalirudi kwenye kijisanduku, yakakaa hapo. "Papa Ndayisaba. Nikichagua ya biro, yangu inaenda wapi?"

Ndayisaba alikivuta kipanya mbali na mkono wake.

"Inafutika," alisema Umuhire.

"Inaandikwa juu yake."

"Inafutika. Sema muzuri. Inafutika, na mimi njo niliifuta."

"Hata mimi ningefanya hivyo hivyo."

"Usinidanganye, Papa."

Alivua miwani na ule uzi wake, akaiweka mezani, akajifuta uso kwa kitenge, akabaki amekishikilia usoni. Ndayisaba alikuwa ametengeneza kompyuta za wanajeshi, za wafanyabiashara wa dhahabu na za askofu mmoja aliyelia kwa sababu ya hotuba, lakini hapa hapakuwa na cha kutengeneza. Alisogeza tu kiti chake nusu hatua, akakaa karibu.

Lilibaki swali moja: faili la ofisi lilibadilikaje, ikiwa anayeandika ni mmoja tu? Akamwita Mzee Sibomana, akamuuliza kama huyafungua mafaili ya milima.

"Mafaili? Kila asubuhi!" alisema mkurugenzi kwa fahari. "Siyo yote. Ninachagua matatu, mane. Ninasoma. Ninaweka tarehe ya leo kwa juu, ninahifadhi. Ni lazima mukubwa apitie kazi."

"Unabadilisha tarehe tu?"

"Tarehe tu. Kama muhuri." Akatazama nyuso zao. "Sasa, nini? Mimi pia nimeua muntu?"

Ndayisaba alimweleza pole pole. Faili ambalo mzee hakulipitia wiki hiyo, mashine ililichukua kutoka laptopu kimya kimya, na kazi ya Maman ikafika salama. Faili alilolitia tarehe likawa limebadilika pande zote mbili, na mashine haikuweza kujua kwamba upande mmoja ni tarehe na upande mwingine ni bibi aliyelia uani kwake. Kwa hiyo iliuliza. Nayo ikajibiwa kwa adabu.

Mzee Sibomana alifungua kifungo cha juu cha koti lake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ndayisaba kuona shingo yake. "Na mimi nilisema anaota," alisema. Akamgeukia Umuhire. "Maman, nilisema mbele ya mugeni kwamba unaota."

"Ulisema, Mzee."

"Nilikosa."

"Ndiyo, Mzee," alisema Umuhire, sauti yake ikiwa bado ndani ya kitenge. "Sasa tumuache Papa afanye kazi."

Kwa maana Ndayisaba alikuwa amekwisha kukifunga kijisanduku bila kuchagua chochote, akainama juu ya laptopu. Alikumbuka kwamba programu ile ya kuandikia ilikuwa na kipengele ambacho watu wachache hukigusa: kila unapohifadhi faili, nakala ya kabla yake haitupwi, bali huwekwa pembeni kwa jina lenye mkia mwingine. Nakala hizo za pembeni hazikuwa ndani ya yale yaliyolinganishwa. Kama aliyeiweka programu hiyo mwanzo alikuwa mtu mwoga, huenda alikiwasha kipengele hicho. Ndayisaba alimwombea mtu huyo asiyemjua awe mwoga sana.

Alikuwa mwoga. Mafaili thelathini na moja yalijipanga kwenye kioo.

"Zote si kamili," alionya. "Kila moja inakosa kile ulichoandika mwisho kabisa kabla ya kuhifadhi. Na zile ulizofungua tena na kuzihifadhi baada ya kuunganisha, nakala zake zimekwisha kufunikwa."

"Tafuta mbuzi," alisema Umuhire.

Alitafuta katika Nzahaha: hakuna. Gashonga ya kwanza, ya pili, ya tatu: hakuna. Umuhire alikuwa amesimama nyuma yake, na Ndayisaba alisikia pumzi yake juu ya kichwa, ikikatika kila faili lilipofungwa. Nkanka ya kwanza hakuna. Nkanka ya pili, mstari wa arobaini na kitu, mashine ikasimama.

Umuhire alisoma kwa sauti maandishi yake mwenyewe. "Mukamurenzi, mjane, karibu miaka sabini. Nyumba ya mwisho kabla ya ziwa, chini ya shamba la kahawa la padri. Anatafuta mjukuu Izabayo, binti wa binti yake. Waliachana Novemba tisini na sita. Yeye alirudishwa kupitia darajani, binti yake alikimbilia msituni na mtoto. Anasema walikuwa na mbuzi Gaporali, hata mkubwa wa kambi alimwogopa."

Alisoma tena, kutoka mwanzo, kama kwamba mara ya kwanza ingeweza kufutika. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Ndayisaba, kichwa cha mwanamume mwenye watoto watatu na mvi, akakiacha hapo kidogo.

Alipiga simu Bukavu. Masera Reine alisema sawa, lakini msimletee karatasi, mleteeni muntu.

Ijumaa alfajiri Umuhire alikwenda Nkanka kwa moto. Ndayisaba alibaki kupigana na printa, ambayo ilitaka kutoa kila herufi mara mbili, na saa nne alishuka mpaka darajani na ukurasa uliopigwa muhuri wa Mzee Sibomana. Mto Rusizi ulipita chini, mwembamba na wenye hasira. Akina mama wa Bukavu walikuwa wakivuka na beseni za unga na samaki vichwani, wakitaniana na askari kwa Kimashi, kwa Kinyarwanda, kwa Lingala ya kwenye redio. Alishangaa jinsi mto ulivyo mdogo. Angeweza kurusha jiwe likavuka.

Walikuja kwa miguu kutoka kituo cha moto. Bibi Mukamurenzi alikuwa mfupi kuliko alivyomfikiria, amevaa mshanana mweupe wa Jumapili na viatu vya plastiki vya mtu mwenye miguu mikubwa. Alimpa mkono, akamshika kiwiko kwa mkono wa pili kama desturi, akamuuliza kwa Kinyarwanda kama ndiye aliyemtafuta mbuzi wake ndani ya sanduku. Ndayisaba alimjibu kwa Kirundi kwamba ndiye.

"Alikuwa na tabia mbaya sana," alisema bibi kwa heshima.

Lakini mwanzoni mwa daraja alisimama. Alizitazama mbao za daraja, akapiga hatua moja, akairudisha. Nyuma yake mwanamke mwenye beseni alifyonya, akawazunguka.

"Nilipita hapa nikirudi," alisema Mukamurenzi. "Mikono mitupu. Niliapa sitapita tena." Akamgeukia Umuhire. "Na kama si yeye? Kuna mbuzi wengi. Kuna akina Izabayo wengi."

Umuhire hakumwambia kwamba ni yeye. Ndayisaba alikuwa akisubiri aseme, na alishukuru kwamba hakusema. "Kama si yeye, Koko, tutamsalimia, tutampa hizi ndizi ulizombebea, tutarudi wawili. Sitakuacha urudi peke yako."

"Utanishika?"

"Nitakushika."

Askari wa zamu akawaambia kwa upole wa kuchoka kwamba wavuke au wapishe njia. Umuhire akachukua ile karatasi kutoka kwa Ndayisaba, akaikunja ndani ya kitenge.

"Papa, tutakukuta?"

"Mtanikuta. Kuna milima kumi na moja ambayo nakala zake sikuzipata. Nitakuandikia orodha ya nani wa kurudiwa."

"Bote nitawarudia," alisema. "Anza na Nzahaha. Kule bakoko ni wazee zaidi."

Kisha wakaenda. Mbao zikaanza kulia chini ya miguu yao. Ndayisaba, asiye na karatasi ya kuvukia, alisogea kando ya kizuizi ili awaone. Walitembea mkono kwa mkono mpaka katikati, bibi akiangalia vidole vya viatu vyake, Umuhire akiangalia mbele. Upande wa pili askari walimsimamisha Umuhire, wakataka kuona hiyo karatasi, wakaigeuza juu chini, wakaitana. Alianza kuwaeleza kwa mikono yote miwili.

Bibi Mukamurenzi hakungoja. Aliinama, akavua vile viatu vya plastiki, akavishika mkononi, akaanza kuupanda ule mlima wa Bukavu peke yake, miguu mitupu, haraka, akiwapita wenye beseni mmoja mmoja. Umuhire aligeuka, akamwona yuko mbali, akainyakua karatasi mikononi mwa askari na kumkimbilia.